Kwa Nini Msindikizaji Huishia Njiani

Sogeeni. Na mwenye kutaka kuondoka aondoke sasa hivi, kabla sijaanza, maana habari hii inahusu kuondoka, na sitaki mtu aniage katikati. Wote mmekaa? Haya.

Wakati milima hii ya Upare ilipokuwa bado haijawazoea watu, adabu ilikuwepo, tena tele, ila haikuwa na mwisho. Mgeni alipoaga, mwenyeji alimsindikiza mpaka mlangoni kwake. Si njia panda, si kwenye mgomba wa mwisho. Mlangoni. Kumwacha mtu njiani lilikuwa tusi ambalo wajukuu wake wangekuja kulikumbuka. Sasa fikirieni wenyewe. Ukimfikisha mtu mlangoni kwake, wewe umefika kwake, na aliyefika kwa mtu ni mgeni. Atakukaribisha, utaingia, utapewa kigoda, utapikiwa. Ukishashiba utaaga. Ukiaga atakusindikiza, na hatakuacha mpaka mlangoni kwako, na akifika hapo yeye ndiye mgeni. Mtaanza upya.

Lakini watu wa zamani hawakuwa wajinga. Kila nyumba ilikuwa na mtu mmoja asiye na adabu. Alichaguliwa mapema, akalelewa hivyo, akatunzwa vizuri kama paka anayejua kukamata panya. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mgeni akishakaa vya kutosha, yeye alitokea na kusema, "Wewe, kwani huna kwako?" Wenyeji walishika vichwa kwa aibu, wakaomba radhi, wakamkemea mbele ya mgeni, na mioyoni wakafurahi sana. Mgeni naye alijifanya ameudhika, akachukua fimbo yake akaenda zake peke yake, naye moyoni akafurahi. Hapo safari iliisha. Hata wazee walipokwenda kuposa, waliulizia chinichini kama nyumba ile ina mtu wa namna hiyo, na ikionekana hawana, posa ilirudi nyumbani.

Kwenye mlima wa Kirindi aliishi kijana mmoja aitwaye Kiangi, na mkewe Nakijwa. Mkorofi wa nyumba yao alikuwa shangazi yake Kiangi, Nashera, mwanamke mwenye kipaji. Inasemekana aliwahi kumwambia mganga mkuu, mbele ya watu, kwamba kigoda alichokalia kimeanza kuota mizizi. Juu kabisa ya mlima uleule aliishi baba yake Nakijwa, Mzee Mkodo. Kwa Mzee Mkodo kazi hiyo aliifanya mdogo wake, Kirumbi. Huyu wala hakujisumbua na maneno mengi. Alikuja na ufagio, akafagia chini ya miguu ya mgeni mpaka mgeni akainuka.

Mzee Mkodo ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva iliyokuwa chini kidogo ya nyumba yake. Ndiva ni lile bwawa la mlimani ambamo maji ya chemchemi hukusanyika, kisha huzibuliwa yakashuka mashambani kwa zamu. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa ila yeye. Kila shamba lilikuwa na siku yake, na zamu ilirudi baada ya siku tisa. Jua likifika utosini kabla hujapewa maji, siku yako imekupita, na maji yamekuwa ya jirani. Mwaka huo mvua zilikuwa zimegoma. Maharage ya Kiangi yalikuwa yameanza kutoa maua, na ua la maharage lisilopata maji halisubiri siku tisa. Linaanguka. Na mnajua wenyewe, nyumba ya Mpare isiyo na maharage haina makande, ina mahindi makavu tu na watu wanaotazamana.

Sasa ugonjwa wa Mzee Mkodo ulikuwa usahaulifu. Zamu iliyopita alikuwa amemsahau Kiangi kabisa, akayapeleka maji kwa mtu mwingine. Kiangi alinyamaza, maana utamwambiaje mkweo kwamba amesahau? Lakini zamu mpya ilipobaki siku nne, Nakijwa alimwambia mumewe akiwa anachambua mchicha, bila kumtazama, "Hujamsalimia baba siku nyingi."

Kiangi alielewa. Asubuhi alivaa shuka safi, akakata chane moja la ndizi mbichi, akapanda mlima kwenda kumsalimia mkwewe.

Alipokewa vizuri sana. Waliulizana habari za afya, za mbuzi, za mbuzi wa majirani, za marehemu wote wa pande zote mbili. Kiangi alilizungukia neno lake kama mtu anayetafuta pa kuingilia kwenye ua wa miiba. Alisema jua siku hizi ni kali. Mzee alikubali kwamba ni kali. Alisema maharage nayo ni mmea mnyonge. Mzee alikubali kwamba ni mnyonge, akamsimulia maharage ya marehemu baba yake yalivyokuwa. Alisema siku zinakwenda haraka, huwezi hata kuzihesabu. Mzee alicheka, akasema yeye aliacha kuzihesabu zamani. Kijasho kilimtoka Kiangi, lakini neno lenyewe halikutoka. Walikula, akaaga.

Hapo ndipo Kirumbi alipotakiwa atokee na ufagio wake. Alitokea kweli, lakini jino lilikuwa limemuuma siku mbili, shavu limefura mpaka jicho limefungwa, na ufagio alishindwa hata kuuinamia. Alisimama mlangoni akanyoosha kidole njiani akasema, "Mmmh! Mmmh!"

"Pole sana, baba mdogo," Kiangi akamjibu.

"Anakusalimu," Mzee Mkodo akaeleza, akachukua fimbo yake, akachukua na chane jingine la ndizi, kwa sababu mgeni harudi mikono mitupu. Wakaanza kushuka.

Walipofika kwa Kiangi, shangazi Nashera hakuwepo. Alikuwa amekwenda mlima wa pili kumwangalia mpwa wake aliyejifungua. Kiangi ndipo alipolikumbuka hilo. Alimtazama mkwewe anavyokaa kwenye kigoda na kuweka fimbo pembeni, akajua kwamba ndani ya nyumba zile mbili hapakuwa na hata mtu mmoja mwenye uwezo wa kukosa adabu.

Mzee alikula, akaaga. Kiangi akachukua lile chane la ndizi, maana mgeni harudi mikono mitupu, wakapanda. Kule juu Kiangi alikaribishwa, akala, akaaga. Wakashuka na ndizi. Giza lilipoingia walilala walipokuwa, na kulipokucha mgeni aliaga. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu ikawa hivyo. Njia ile iliyokuwa nyembamba, yenye nyasi katikati, ilianza kuzama. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga. Siku ya tatu jioni ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu, tena imenyooka kutoka mlango hadi mlango. Ndizi nazo ziliiva, zikaanza kuota madoa meusi, na hakuna aliyezila, maana kila zilipofika zilikuwa za kumpa mgeni.

Msidhani wanawake walikaa tu. Mkewe Mzee Mkodo aliondoa vigoda vyote ndani. Wale wanaume walikula wamesimama, wakamsifu kwamba nyumba imekuwa na nafasi. Siku ya pili aliyapunguza makande, akayapunguza tena, mpaka kwenye bakuli zikabaki punje unazoweza kuzihesabu kwa macho. Walishukuru wakasema wameshiba sana. Huku chini Nakijwa alichukua jembe la mumewe akalilaza mlangoni, mpini ndani, chuma nje, katikati kabisa pa kupitia. Mwanamume wa Kipare akiona jembe limelala mlangoni anajua anaambiwa kwamba shamba linamsubiri. Mzee Mkodo aliliruka. Kiangi naye, akimfuata mgeni wake, aliliruka, na alipokuwa angani juu ya lile jembe macho yake yalikutana na ya mkewe.

Hapo ndipo mambo yalipomwendea vibaya moyoni. Kwa sababu Kiangi alielewa kila kitu. Alielewa vigoda, alielewa punje za makande, alielewa jembe. Alikuwa mtu wa kuelewa upesi. Ila kuelewa ni jambo moja, na kuwa wa kwanza ni jambo jingine. Kila walipofika katikati ya njia, pale penye jiwe pana, alijiambia kwamba safari hii atasimama. Kisha alimtazama yule mzee, nywele zote nyeupe, aliyempa binti yake bila masharti magumu, akaona aibu, na miguu ikaendelea. Alijichukia. Alikuwa na hofu mbili, moja ya njaa na moja ya kuonekana hana adabu, na jambo la kusikitisha ni kwamba ile ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa.

Basi kulikucha siku ya nne, siku ya zamu yenyewe. Mzee Mkodo alikuwa amelala kwa Kiangi. Aliamka, akanywa uji, akanywa na wa pili, jua likapanda. Aliaga taratibu, kwa maneno yote yanayotakiwa. Wakatoka. Jembe walikuta halipo mlangoni, na Kiangi alifikiri mkewe amekata tamaa.

Walipanda. Mzee alikuwa mbele, Kiangi nyuma yake na chane la ndizi, ambazo sasa zilikuwa nyeusi tupu na nyuki wawili wakizisindikiza. Walipofika penye jiwe pana, ambapo ukigeuza shingo unaliona bonde la upande wa mashariki, Kiangi aligeuza shingo. Aliliona shamba lake. Majani yalikuwa yamelala. Na katikati ya shamba alikuwepo Nakijwa na kibuyu kimoja cha maji. Alikuwa akinyunyizia mche mmoja mmoja kwa kiganja, kama anayemnywesha mtoto dawa. Aliwaona walivyosimama kule juu. Hakuita, hakupunga mkono. Aliinama tena, akaenda kwenye mche uliofuata.

Miguu ya Kiangi ilikataa. Nasema ilikataa yenyewe, kwa sababu yeye mwenyewe bado alikuwa anatafuta maneno. Mzee alikwenda hatua tatu, nne, kisha akasikia kwamba nyuma hakuna mtu. Naye akasimama. Hakugeuka. Pakawa kimya, na kwa watu wa wakati ule kimya kile kilikuwa kibaya kuliko radi, maana lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea duniani, mwenyeji amesimama njiani na mgeni hajafika.

"Baba," Kiangi akasema, na sauti ilimtoka nyembamba hata yeye akashangaa. "Naomba niishie hapa."

Kiangi aliona mgongo tu. Aliwaza kwamba sasa hivi atalaaniwa, kwamba Nakijwa atarudishwa kwao, kwamba watu watamwita yule aliyemwacha mkwewe jiweni. Kisha mgongo ule ukaanza kutikisika. Mzee aligeuka, akaja akichechemea mpaka kwenye lile jiwe, akakaa kwa kishindo, akaunyoosha mguu wake wa kulia mbele yake kwa mikono miwili.

"Panatosha," akasema. "Hapa panatosha kabisa, mwanangu. Hili goti limekufa tangu juzi."

"Tangu juzi, baba? Na hukusema?"

"Ningesemaje? Ulikuwa unanisindikiza!"

Kiangi alitazama chini. Kisha wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mzee akajifuta macho kwa ncha ya shuka. Njaa ikawauma hapohapo, njaa ya siku mbili ya makande ya kuhesabika, wakazimenya zile ndizi nyeusi wakazila zote, na zilikuwa tamu ajabu. Hakuna aliyesema karibu.

Na sasa sikilizeni vizuri. Kile ambacho Kiangi alishindwa kukisema akiwa amekaa kwenye kigoda, amelishwa, amesikilizwa, siku tatu nzima, kilimtoka pale kwa urahisi, mdomo ukiwa na ndizi, akiwa amesimama na mguu mmoja tayari umeshageuka kuelekea anakokwenda.

"Baba, kuna lile la maji. Leo ni zamu yangu."

"Leo?" Mzee alishtuka. "Si kesho kutwa?"

"Leo, baba. Mwisho jua utosini."

Wote wawili walitazama juu. Jua lilikuwa limebakiza kipande ambacho ungekifunika kwa kiganja.

"Mtoto wewe! Siku zote hizi kumbe ulikuja kwa neno hilo?"

"Nilikuja kusalimia tu, baba."

"Nenda kafungue mfereji wa shambani! Nenda!" Na Mzee Mkodo akainuka, goti au si goti, akaukwea mlima kwa fimbo na kwa makelele. Kiangi alikata kushoto, mahali ambapo hapakuwa na njia, akateremka mbio kuelekea bondeni. Hakuwa na jembe, basi alivunja tawi akalikokota nyuma yake akichimba mstari, kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya na mikono yake.

Mzee alifika ndivani akiwa hana pumzi. Bwawa lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maana siku zote hizo halikuzibuliwa, na majirani wa zamu zilizopita walikuwa wamejikunja majumbani wakisubiri mtu asiye na adabu wa kwenda kuuliza. Alivuta magogo ya migomba, akavuta mawe, tope likaachia. Kwa kawaida alikuwa akiyaongoza maji kwa jembe mpaka kwenye mfereji wa zamani. Siku hiyo alikaa chini akalishika goti. Maji yalijichagulia njia yenyewe, na njia iliyokuwa wazi, ya chini, iliyonyooka, ilikuwa ile waliyoichimba kwa nyayo. Yakashuka nayo.

Yalikuja kwa kasi, moja kwa moja kuelekea mlangoni kwa Kiangi, na yangefika yangeichukua nyumba, jungu na paa lake. Lakini yalipofika penye jiwe pana yalikuta udongo umekanyagwa na watu wawili waliosimama wakicheka, na maganda ya ndizi, na mstari mpya uliokokotwa kwenda kushoto. Maji nayo yakasimama kidogo, kama yanayojiuliza kama si vibaya kuishia hapo. Kisha yakakata kona.

Kiangi aliyasikia kabla ya kuyaona. Aliruka ndani ya shamba, na maji yakaingia nyuma ya visigino vyake, jua likiwa utosini kabisa. Nakijwa alikuwa bado ameinama na kibuyu chake. Maji yalimfikia miguuni. Alinyanyuka, akamtazama mumewe aliyekuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

"Umemwacha wapi baba?" akauliza.

"Nimemwacha njiani," Kiangi akasema.

Nakijwa aliinama akachota maji kwa mikono miwili, akamnawisha uso. Kiangi alielewa.

Maharage yale yalizaa. Shangazi Nashera aliporudi akakuta hana kazi tena, alinuna msimu mzima, na jino la Kirumbi lilipopona naye akaanza kufagia uani tu kama watu wengine. Wakorofi kweli bado wapo kwenye nyumba zetu, mnawajua, lakini siku hizi hakuna anayewatunza.

Na tangu siku hiyo mfereji wa Kirindi unashuka umenyooka kutoka ndivani, na ukifika penye jiwe pana unapinda ghafla kushoto bila sababu ambayo macho yanaweza kuiona. Tangu siku hiyo mwenyeji humsindikiza mgeni, akafika mahali akasimama, na hakuna aliyewahi kuchora alama pa kusimama, ila miguu inajua. Mgeni atasema, "Rudi sasa, hapa panatosha." Ukirudi papo hapo, huna adabu. Ukienda mpaka mwisho, huna akili. Unamwongezea hatua chache, mnasimama tena. Na tangu siku hiyo, mtu anaweza kukaa kwako mchana kutwa akizungumzia mbuzi, na neno lililomleta asiliseme mpaka mmesimama pale njiani, mkono umeshapewa, mguu mmoja umeshageuka. Ndiyo maana usiagane na mtu haraka. Msubiri pale.

Basi, mimi nimemaliza. Inukeni, nitawasindikiza mpaka kwenye kona ya mfereji. Na wewe uliyekuja tangu asubuhi na jogoo kwapani, ukaniuliza habari za goti langu mara tatu, tembea karibu nami. Tukifika pale nitasimama.